Mlango Hufunguliwa na Mwenye Nyumba

Mhadhara uliosomwa Shinyanga mbele ya wazee, walimu na vijana



Jambo mliloniita nilizungumze mbele yenu ni desturi ambayo kwa umbo ni ndogo na kwa maana ni kubwa: jamii kujiwekea siku katika mwaka ambayo mahali pake pa kale, pawe ni nyumba ya mtemi au kanisa la zamani, boma la serikali au tanuri la wahunzi, panafunguliwa kwa watu wote, mwenyeji na mgeni, tajiri na fukara, kila mmoja akaingia bila ya kuulizwa alikotoka, akaonyeshwa kwa mkono na kusimuliwa kwa mdomo yale ambayo siku nyingine hupitwa na macho kama kwamba hayapo. Huko Ulaya desturi hii ina tarehe yake, maana Ufaransa iliianza mwaka 1984 kwa kufungua majumba yake ya kihistoria, na Baraza la Ulaya likaipokea mwaka 1991 na kuieneza katika nchi nyingi za bara lile. Lakini nisingependa mtu yeyote aondoke hapa akidhani kuwa tunakusudia kuazima vazi la watu, kwani vazi hili tunalo, limeshonwa nyumbani, na kazi iliyobaki ni kulivaa kwa fahamu.

Nchi yetu hii, tangu mbuga za Shinyanga mpaka vilima vya Geita, inajua habari ya kufunguliwa kuliko nchi nyingi. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Thoburn Williamson, baada ya miaka ya kuzunguka porini kwa dhiki, aligundua almasi ya Mwadui, katika mwamba ambao uso wake una ukubwa wa hekta 146. Na mwaka 1947 ikatoka katika ardhi hiyo almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, ambayo aliitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka ule ule, ikachongwa mpaka ikabaki karati 23.6, ikatiwa katika pambo la kifuani. Upande wa Geita, dhahabu ilichimbwa zama za Waingereza hata baada ya uhuru, mpaka mgodi ukafungwa mwaka 1966, kisha ukafunguliwa upya kwa mitambo mikubwa mwaka 2000. Na baina ya Geita na Kahama yapo majina kama Bulyanhulu, Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, ambayo kila mchimbaji anayajua kama ajuavyo jina la mamaye.

Katika kufunguliwa kote huko mwendo ulikuwa mmoja: ardhi ilipasuliwa, kilichokuwamo kikatolewa na kupelekwa mbali, halafu mahali penyewe pakazungushiwa seng'enge na kuwekewa walinzi. Sisemi haya kwa kulaumu, maana wengi waliomo ukumbini humu walisomeshwa kwa mshahara wa mgodi au kwa gramu chache za dhahabu zilizotoka katika duara, yaani shimo la uchimbaji, la baba yao. Nayasema ili mpate kuuona ufunguzi wa namna ya pili, ambao ndani yake hakuna kinachotolewa, wala chumba hakipungui, ilhali kila aingiaye hutoka na zaidi ya alichoingia nacho. Ufunguzi huu una sharti moja, nalo ndilo kiini cha maneno yangu yote ya leo: mlango sharti ufunguliwe na mwenye nyumba, kwa mkono wake, na asimulie yeye mwenyewe.

Tuanze na jirani zetu wa Bujora, karibu na Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza kwa njia ya Musoma. Katika miaka ya 1950 padri wa Kanada wa shirika la White Fathers, David Clement, alitambua jambo ambalo wengi waliomtangulia katika kazi ile hawakulitambua, ya kuwa ngoma za Wasukuma ni lugha ambayo kwayo watu hawa hujieleza, na ya kuwa anayeifuta lugha ya mtu hawezi tena kusema naye. Akajenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo huangukia mwezi wa Mei au Juni, akaifungamanisha na mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno. Sikukuu hiyo ndiyo Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma maana yake ni maua. Hushindana humo Bagika na Bagalu, vyama ambavyo asili yao husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa za kuvuta watu. Na desturi ya mashindano haya ni kwamba umati wenyewe ndio hakimu, kwa kuwa ngoma iliyovuta watazamaji wengi zaidi ndiyo iliyoshinda. Hucheza humo Bagobogobo na majembe yao, Bayeye na nyoka wao, na Banunguli ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu.

Mtu aliyekuja kwa ajili ya nyoka na majembe hujikuta, jua linapopoa, amesimama mbele ya jengo la makumbusho lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ambamo zimehifadhiwa ngoma za utawala na vyombo vya watemi. Hapa pana hekima inayotupasa kuishika. Vitu vya kale vikiachwa peke yao katika chumba chenye kufuli havimwiti mtu. Huitwa watu kwanza kwa furaha waliyokwisha izoea, kwa ngoma, kwa chakula, kwa kukutana na ndugu wa mbali, na furaha hiyo ndiyo inayowashika mkono na kuwafikisha mlangoni. Tamasha lisilokuwa na mahali pa kuingia ni kelele ya siku moja, na mahali pasipokuwa na tamasha ni kimya cha mwaka mzima.

Sasa turudi nyumbani. Huko Ukenyenge, katika Wilaya ya Kishapu, ipo ikulu ya watemi wa Busiya, wa ukoo wa Makwaia. Nataka mlipime neno hili ikulu. Mtanzania wa leo akilisikia hufikiri moja kwa moja jumba kubwa lililo kando ya bahari Dar es Salaam, au lile la Chamwino. Kumbe neno lenyewe ni la watu wa bara, Wasukuma na Wanyamwezi, na lilikuwa jina la makao ya mtemi zamani kabla taifa halijazaliwa. Taifa lilipotafuta jina la nyumba iliyo kubwa kuliko zote lilikuja kuazima kwetu, na hii ni fakhari ambayo mtoto wa shule ya msingi ya Ukenyenge anastahili kufundishwa akiwa amesimama pale pale ilipo ikulu yenyewe. Ni katika ukoo huu alikotoka Mtemi Kidaha Makwaia, ambaye mwaka 1945, pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Uchaga, walikuwa Waafrika wa kwanza kukalia viti vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Serikali ya taifa huru iliufuta utawala wa watemi mwaka 1963, na kwa sababu ambazo wakati ule zilikuwa na uzito wake. Lakini amri inaweza kufuta cheo, haiwezi kufuta uwanja ambamo watu walihukumiana, wala mti ambao chini yake waliomba mvua. Kwa hiyo nafurahi kwamba ukoo ule wenyewe haukuugeuza uwanja wao kuwa ua wa faragha, bali umewaita watu katika tamasha la Sanjo ya Busiya, hapo hapo ikulu, kwa ngoma na mila za wenyeji. Mahali palipokuwa pa kuamuru pamekuwa mahali pa kukumbuka, na aliyekuwa raia wa mtemi anaingia leo akiwa mrithi pamoja naye.

Lakini je, wale wasiokuwa na ikulu? Nasikia swali hilo likitoka kwa vijana wa kata ambazo hazina jengo la zamani hata moja, na jibu langu ni kisa.

Mwaka fulani nilitembea na mzee mmoja katika mbuga za kusini ya mji huu, akitaka kunionyesha kwao alipozaliwa. Ninyi mnajua kwamba katika Operesheni Vijiji, ambayo mkoani kwetu iliwahamisha watu wengi mwaka 1974, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa vijijini, na miji ya awali ikabaki mahame. Nyumba za udongo hazikuchukua muda kurudi kuwa udongo. Kilichobaki ni manyara, ule ua wa miti yenye maziwa ambao Msukuma huuzungushia mji wake, na ukitazama kwa makini utaona pete zake za kijani zimesimama uwandani hali ndani yake hamna kitu ila majani. Tulipoifikia pete ya kwao, ua ulikuwa umekatika na kuwa na mapengo zaidi ya kumi, na mimi nilikuwa tayari nimekwisha penya katika pengo lililokuwa karibu nami. Mzee hakunifuata. Alizunguka ua taratibu, akaenda mpaka pengo moja la upande wa magharibi, ambalo kwa macho yangu halikuwa na tofauti na mengine, akavua kofia, akapiga hodi, akaingia. Hapo ndipo palipokuwa mlango.

Akanionyesha zizi lilipokuwa, nyumba ya mama yake, jiwe la kusagia mtama ambalo lilikuwa bado lina shimo la mviringo lililoliwa na mikono ya wanawake wa vizazi visivyojulikana idadi, na mahali pa shikome, yaani moto wa jioni ambao wanaume na wavulana waliuzunguka, na hapo ndipo palipokuwa shule, mahakama na gazeti la siku zile. Kwa muda wa saa moja mahame yale yalikuwa mji. Siku hiyo nilifahamu ya kwamba turathi haikai katika kuta. Hukaa katika mtu anayejua mlango ulikuwa wapi. Na mtu huyo akiondoka duniani hali hakuulizwa, mapengo yote huwa sawa.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Geita. Mtoto wa huko huokota shambani jiwe jeusi, zito, lenye matundu, akalitupa. Naye hajui kwamba ameshika mavi ya chuma, mabaki ya matanuri ya Walongo, wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma katika nchi ya Uzinza na pande za Geita kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyolima mashamba ya Usukuma na kutolewa mahari. Mtoto huyo akikua huambiwa kwamba habari ya madini ya nchi yake ilianza siku alipokuja mgeni na vipimo vyake. Siku moja ya kumpeleka mahali pa tanuri, na kumwonyesha kipande cha mrija wa udongo ambao upepo ulipitia kwenda motoni, inatosha kuiponya taksiri hiyo. Maana atajua kwamba babu zake waliujua moto, waliujua mwamba, na walikuwa wataalamu. Kila mwaka Geita hufanya maonyesho ya teknolojia ya madini katika uwanja wa Bombambili, watu wakaja kutazama mitambo mipya; ni neno jepesi kuomba kwamba kando ya karasha na mashine za kisasa liwekwe tanuri la Mlongo, karai la mwanamke aliyekuwa akichekecha dhahabu mwaloni, na ngazi ya mti iliyomshusha mchimbaji wa kwanza katika duara.

Na mahali pa kale si lazima pawe kazi ya mikono tu. Ngitili, ile sehemu ya malisho ambayo wazee wetu waliifungia kwa msimu ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi, ni turathi iliyo hai. Mnakumbuka jinsi nchi hii ilivyokwanguliwa miti, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, ambayo makao yake makuu ya utafiti yalikuwa hapa hapa Shinyanga chini ya mkurugenzi wake, Swynnerton, kisha kwa pamba na kwa kuni, hata ikaanza kuitwa jangwa. Na jinsi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulivyofaulu pale ulipokubali kuwauliza wazee, ngitili zikafufuka na kufika zaidi ya hekta 300,000. Mgeni akiingizwa katika ngitili siku ya tamasha, akaonyeshwa mti na dawa yake, majani na msimu wake, ameingizwa katika maktaba.

Yupo mtu mmoja ambaye bila yeye shughuli yote hii ni bure, naye ni bibi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ni katika nchi yetu hii ambamo wanawake wazee wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama waliyohukumiwa kwayo ilikuwa macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa jikoni, kwa miaka ya kuwapikia wale wale waliowatuhumu. Kila bibi aliyeuawa alikufa na mlango wake. Laiti siku hii ya kufungua mahali pa kale ingekuwa na fanaka moja tu, ningeiombea iwe hii: bibi awekwe kwenye kiti cha mbele ya nyumba yake, vijana wakae chini miguuni pake, asimulie jinsi mbegu zilivyotunzwa na mtoto alivyopewa jina, na wajukuu wajifunze mbele ya watu wote ya kuwa macho yale ni kitabu. Jamii iliyoketi kumsikiliza mtu hainyanyui panga juu yake kesho yake.

Imenipasa pia kusema juu ya adabu ya kufungua, kwani si kila kitu hufunguliwa. Nyumba ya ukarimu ina sebule na ina chumba cha ndani, na mgeni mwenye staha haulizi habari ya chumba cha ndani. Yako makaburi ambayo ukoo wake hautaki yakanyagwe, ziko dawa ambazo siri yake ni amana, ziko ibada ambazo zikichezwa jukwaani hufa. Mwenye nyumba ndiye mwenye kuamua, na kamati yoyote inayomlazimisha afungue asichotaka kufungua inarudia kosa la kale la kupasua na kutoa. Pia tujihadhari na tamasha kugeuka kuwa jukwaa la wakubwa, ambapo hotuba zinachukua asubuhi yote, wazee wenye habari wanakaa juani, na ngoma zinaitwa kwa dakika tano kumfurahisha mgeni rasmi. Mgeni rasmi wa siku hiyo ni mahali penyewe.

Msidhani kwamba sheria peke yake itatufanyia kazi hii. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo ni sheria njema, inakataza kuchimba na kuhamisha vitu vya kale bila ya idhini. Lakini ulinzi wake wa moja kwa moja ni hasa kwa vile vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, na kwa vingine vingi mpaka vitangazwe. Pete ya manyara iliyoachwa mwaka 1974 haimo. Nyumba za zamani za Mwadui, na kaburi la Williamson aliyefariki mwaka 1958 na kuzikwa huko huko, si za umri huo. Sheria hulinda umri wa kitu. Maana yake hulindwa na watu wanaoijua, nao hawawezi kuijua wasipoonyeshwa.

Basi nawaomba mambo matatu, yote mepesi. La kwanza, kila kata ichague mahali pamoja, pamoja tu, na siku moja baada ya mavuno, wakati ghala limejaa na njia zinapitika. La pili, waongozaji wa siku hiyo wawe wanafunzi, waliotumwa miezi kabla kwenda kwa mzee au bibi mwenye habari, wakaandika katika daftari kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, Kizinza au Kisumbwa, kama yalivyosemwa. Na daftari hilo libaki shuleni, maana tamasha likiisha jioni daftari halilali. La tatu, wenye migodi mikubwa wafungue nao siku moja malango yao, watu wa Maganzo, wa Geita na wa Msalala waingie bila ya kutafuta kazi wala kudai haki, waingie kama wenyeji kutazama ardhi waliyozaliwa juu yake imekuwaje.

Yule mzee wangu wa manyara hayupo tena. Nilichora katika daftari langu ramani ya mji wao, nikatia alama pengo la magharibi, na mwanangu analijua. Ninyi mnaorudi leo Kishapu, Kahama, Msalala na Geita, yuko nyumbani kwenu mtu anayejua mlango ulikuwa wapi. Mwendeeni wiki hii, mkapige hodi.